Waliopewa Uhuru Wakakataa Kuhama

Watu wengi wakisikia habari za kukomeshwa utumwa hudhani ya kuwa mtumwa, siku ile aliyopata uhuru, alijitwika mkeka wake akashika jembe lake akaenda zake, na bwana wake akabaki mlangoni akishika tama. Wako waliofanya hivyo, wala si wachache. Lakini katika Unguja na Pemba, na katika pwani ya bara iliyowaelekea, jambo lililowasumbua wenye nyumba na wenye mashamba kwa miaka mingi halikuwa mtu aliyekwenda zake, bali mtu aliyebaki. Alikuwa huru, hakutaka tena kutumwa, na nyumbani hakutoka. Naona habari zake zastahili kuandikwa, kwa maana vitabu vingi humwacha mtu huyu papo hapo penye hati yake ya uhuru, kana kwamba mtu aweza kulala juu ya karatasi.

Yatupasa kwanza kujua jinsi alivyokaa kabla ya hapo. Mtumwa wa shamba la mikarafuu alimfanyia bwana wake kazi siku tano za juma, Alhamisi na Ijumaa zikawa zake mwenyewe. Alipewa kipande cha ardhi cha kupanda muhogo, akajenga kibanda chake papo hapo, akaoa, akazaa. Mtumwa wa mjini alikuwa wa namna nyingine. Mpishi, mchota maji, mlinzi wa mlango, yaya aliyewalea watoto wa bibi, hawa walilala katika nyumba ile ile ya bwana wao, wakajua siri zake zote na madeni yake yote. Wengine walipelekwa kufanya kazi ya ijara kwa watu, na ujira wakagawana na bwana. Ndio walioitwa vibarua, kwa ajili ya kijibarua walichopewa, na jina hilo limebaki hata leo kwa kila mfanya kazi wa kutwa, ingawa wengi walitumiao hawajui lilikotoka. Tena kulikuwa na tofauti kubwa kati ya mjinga, yaani mtu aliyeletwa juzi kutoka bara, na mzalia, aliyezaliwa katika nyumba ya bwana. Mjinga aliweza kuambiwa, "Rudi kwenu." Mzalia ukimwambia hivyo, alikuwa yuko kwao tayari.

Kwa desturi na kwa sheria ya dini, bwana alipaswa kumpa mtumwa wake chakula na nguo na mahali pa kulala, na kumwuguza, na akifa kumzika. Basi nyumba ile haikuwa ujira wa kazi, kama mshahara wa siku hizi, wala haikuwa zawadi. Ilikuwa sehemu ya kifungo chenyewe. Sasa kifungo kikikatwa, nyumba ni ya nani?

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, katika enzi ya Seyyid Barghash, na mahali pake Askofu Steere akajenga kanisa kuu. Walakini kufunga soko si kumfungua mtu aliyekwisha kununuliwa. Hilo lilingoja mpaka tarehe 6 Aprili 1897, Seyyid Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kwamba korti zisiitambue tena haki ya mtu kummiliki mtu. Balozi wa Kiingereza wakati ule alikuwa Sir Arthur Hardinge, naye hakuwa mtu wa kutaka haraka katika jambo hili. Aliogopa mashamba yasije yakaachwa bila watu, karafuu zikachanua juu ya miti pasipo mchumaji, na mji ukajaa watu wasio na kazi. Kwa hiyo amri haikusema, "Watumwa wote ni huru tangu leo." Ilisema ya kuwa atakaye uhuru wake na aende kortini, na bwana wake, akithibitisha ya kuwa alimmiliki kwa njia ya halali, atalipwa fidia.

Kiini cha habari yetu kimo katika kifungu cha nne cha amri hiyo. Mtu aliyepewa uhuru alipaswa kuonyesha ya kuwa anayo makao yaliyo imara na njia ya kujipatia riziki, la sivyo atahesabiwa kuwa mzururaji. Na ikiwa makao hayo yapo katika ardhi ya mtu mwingine, alipaswa kumlipa mwenye ardhi kodi, nayo yaweza kuwa mazao au kazi, kama watakavyopatana mbele ya korti.

Msomaji na asome maneno hayo mara mbili. Bwana alipewa fidia, mtumwa akapewa kodi. Mtu aliyekifyeka kiwanja kwa mikono yake, akakijenga kibanda kwa miti aliyoikata mwenyewe, na wazazi wake wamezikwa nyuma ya kibanda hicho, aliambiwa sasa kwa mara ya kwanza ya kuwa ni mpangaji. Tena hakuwa na hiari ya kweli ya kuondoka, kwa kuwa akiondoka pasipo mahali pengine pa kwenda, ni mzururaji. Sitaki kusema ya kuwa walioiandika amri walikuwa watu wabaya. Nasema tu ya kuwa walimfikiria sana mkulima wa karafuu, na mtumwa walimfikiria mpaka mlangoni pa korti, wasimfuate kwake.

Torati ya Musa ilikuwa imeliona jambo hili zamani sana. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa kumi na tano, Waisraeli waliamriwa kumwacha huru mtumwa Mwebrania mwaka wa saba, wala wasimtoe mikono mitupu, bali wampe katika kondoo na nafaka na divai. Na papo hapo imetajwa habari ya mtumwa atakayesema ya kuwa hataki kutoka, kwa sababu ameipenda nyumba. Huyo alitobolewa sikio mlangoni, akawa mtumishi wa daima. Basi Musa alijua ya kuwa yuko atakayebaki. Lakini katika Torati abakiye hubaki mtumwa. Hakuna mahali pa mtu abakiye naye ni huru, na huyo ndiye aliyewashinda watu wa Unguja.

Kazi ya kutoa hati za uhuru huko Pemba alipewa Archdeacon Farler, ambaye kabla yake alikuwa padre wa U.M.C.A. huko Magila katika nchi ya Bonde. Katika kisiwa cha Unguja alipewa Bwana J. T. Last, naye pia alipata kuwa mtu wa misheni, ya C.M.S., huko Mamboya. Hawa wawili walijua Kiswahili na walijua watu. Wakaandika mapatano: mtu huru atamfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa za juma, naye atapata nyumba yake na konde yake. Siku hizo zilikuwa chache kuliko zile tano za zamani, na kwa macho ya Mzungu mapatano yalionekana kuwa ya haki. Kwa macho ya mtu aliyetoka utumwani yalionekana kuwa utumwa uliopunguzwa. Alitia alama yake katika karatasi, akarudi shambani, akafanya kazi majuma mawili matatu, kisha akaanza kukawia asubuhi. Mwenye shamba akamshitaki, korti ikamwonya, akaja siku mbili, akakawia tena. Haukupita muda mrefu mapatano yale ya kuandikwa yakawa karatasi tupu.

Wengi zaidi hawakwenda kortini kabisa, wala hawakuomba hati. Walibaki walipokuwa, wakazidi kupunguza kazi kidogo kidogo, kama maji yapungukavyo ufukweni, hata siku moja bwana akatazama akaona ya kuwa hana mtumwa bali ana jirani. Hapakuwa na siku moja ambayo mtu aliweza kusema, "Siku hii uhuru ulianza."

Basi mbona wenye mashamba hawakuwafukuza? Maofisa wa Serikali waliuliza hivyo hivyo, tena kwa hasira, wakiwalaumu Waarabu ya kuwa wanawaacha wavivu wakae bure katika ardhi zao. Sheria ilikuwa upande wa mwenye ardhi. Angeweza kumtoa mtu asiyelipa wala kufanya kazi. Lakini karafuu haingoji korti. Huchumwa ikali tumba, kabla ya kuchanua, na ikichanua thamani yake imekwisha. Wakati wa mavuno kila mwenye shamba alikuwa akitafuta mikono, na mtu uliyemfukuza leo kesho amejenga kwa jirani yako, naye jirani amempokea kwa furaha, maana hata yeye anatafuta mikono. Kumfukuza mmoja kulikuwa kumtajirisha mwenzako. Ndiyo sababu wenye mashamba waliona afadhali kumwacha mtu akae, alime muhogo wake, na mikarafuu ikizaa achume kwa ujira wa pishi kama mtu mwingine ye yote. Kupalilia ndiko walikokuwa hawataki, kwa kuwa kupalilia ndiko kulikofanana na utumwa. Palizi ikawa ya kutafutiwa watu wa bara, Wanyamwezi na wengineo, walioletwa kwa ujira.

Kulikuwa na sababu nyingine isiyoandikwa katika hesabu. Ukubwa wa mtu katika pwani yetu ulipimwa kwa watu wake. Bwana asiye na watu wa kumwamkia asubuhi, wa kumfuata msikitini, wa kujaa uani kwake siku ya arusi na siku ya matanga, alikuwa bwana wa jina tu. Na kwa sheria ya Kiislamu kumwacha mtumwa huru ni jambo la thawabu, lakini hakukati ujamaa wote, kwa sababu mwacha huru hubaki mlezi wa yule aliyeachwa, na yaweza kutokea akamrithi asipokuwa na warithi wengine. Wazee husema hata maamkio yetu ya "Shikamoo" yalitoka huko, ya mtu mdogo kushika miguu ya mkubwa wake. Mwenye kumfukuza mzalia wake alikuwa akijipunguzia heshima mbele za watu, na wengi waliona bora kupata hasara kuliko kupata aibu.

Lakini uvumilivu huo ulikuwa na mpaka wake, nao mpaka ni mti. Katika visiwa vile ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu aweza kuwa na minazi kumi katika shamba la mwenzake, akaiuza, akairithisha, ingawa ardhi si yake. Mwenye shamba alilijua hilo vema. Alimruhusu mtu wake kupanda muhogo, viazi, kunde, choroko, vitu ambavyo huvunwa vikaisha. Lakini alimkataza kabisa kupanda mnazi au mkarafuu, kwa maana aliyepanda mti kwa ruhusa hawezi tena kuondolewa bure, sharti alipwe thamani ya mti wake, na mkarafuu huishi kuliko yeye aliyeupanda. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu alikuwa mwenyeji au mkaaji wa muda tu, usimwulize miaka aliyokaa. Tazama kilichopandwa mlangoni pake. Wako waliokaa miaka hamsini katika muhogo. Hapo ndipo naona udhalimu ulipokuwa mkubwa, zaidi ya kufukuzwa penyewe: kuachwa ukae umri wako wote, na kukatazwa kila kitu ambacho kingeshuhudia ya kuwa ulikaa.

Habari za masuria ni mlango wa peke yake. Suria alikuwa mjakazi aliyewekwa na bwana wake kama mke. Mwanawe alizaliwa huru, akamrithi baba yake sawasawa na mwana wa mke wa ndoa, na mama mwenyewe, akiisha kumzalia bwana mtoto, hakuweza kuuzwa, na bwana akifa alikuwa huru. Seyyid Barghash mwenyewe alikuwa mwana wa suria wa Kihabeshi. Amri ya 1897 haikuwagusa wanawake hawa. Ilisema wahesabiwe kama wake, wabaki walipo, illa yule awezaye kuthibitisha mbele ya korti ya kuwa ametendewa ukatili, na yule asiye na mtoto aweza kukombolewa kwa idhini ya korti. Amri ya pili, ya mwaka 1909, katika enzi ya Seyyid Ali bin Hamoud, iliwapa na wao uhuru wa kwenda zao. Walakini aliyetoka pasipo ridhaa ya bwana alipoteza haki yake juu ya watoto na sehemu yake katika mali. Mlango ulifunguliwa, na mtoto akashikwa ndani. Tusistaajabu basi ya kuwa wengi hawakutoka, wala tusiseme, kama wasemavyo wengine, ya kuwa walipenda utumwa. Hajiri alipotolewa katika hema ya Ibrahimu na mkate na kiriba cha maji, angalau alitolewa pamoja na mwanawe.

Mjini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Matajiri wengi, kwa kumcha Mungu, waliweka nyumba au viwanja kuwa wakfu, ili watu waliowaacha huru na wazao wao wakae humo bila kodi. Huyo aliyekaa katika wakfu alikuwa na nguvu ambayo mtu wa shamba hakuwa nayo, maana warithi wa bwana hawakuweza kumtoa kwa haki. Lakini wengine waliokwenda kukaa Ng'ambo ya mji walikaa kwa neno la mdomo tu. Bwana alisema, "Jenga hapa," wakajenga. Kibanda kikawa chao, kiwanja kikabaki cha bwana, na kodi haikutajwa. Bwana akafa. Wanawe wakaingia katika deni, viwanja vikauzwa, na mwenye kiwanja mpya hakuwa na habari ya nani alimlea nani; alikuja na daftari. Ng'ambo ilipojaa watu, kodi ya viwanja ikapanda, na mwaka 1928 watu wa huko wakagoma, wakakataa kulipa. Wengi wao walikuwa watumwa wa zamani au watoto wa watumwa. Huwezi kuuelewa mgomo ule kama hukumbuki neno lile "Jenga hapa." Wao hawakuona ya kuwa wanakataa kulipa deni. Waliona ya kuwa wanatozwa kitu walichokwisha kulipa kabla ya 1897, kwa miaka yote waliyofanya kazi bila ujira.

Katika pwani ya Kenya kisa kilianza kinyume. Huko Rabai, karibu na Mombasa, watumwa waliotoroka walikuwa wamejenga katika ardhi ya C.M.S., na mabwana wao wakaja kuwadai. Hapo ni bwana aliyetaka mtu wake atoke, arudi nyumbani. Ni mtumwa aliyekataa. Mwaka 1888 Bwana George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza alipatana na mabwana hao, wakalipwa reale 25 kwa kila mtu, na watu wapatao 1,400 wa Rabai na vituo vingine vya misheni wakapewa hati za uhuru siku ya mwaka mpya 1889. Huko Pemba nako Waquaker walinunua shamba la Banani mwaka 1897, wakawakaribisha watu waliotoka utumwani. Nataja haya kwa sababu sisi wa misheni tumezoea kujihesabu kuwa wakombozi, na kweli tulikuwa. Lakini misheni yenye shamba ni mwenye shamba pia, na mtu aliyekaa Banani au Rabai alikaa katika ardhi ya mwingine kama aliyekaa kwa Mwarabu.

Utumwa katika pwani ya Kenya ulikomeshwa na sheria ya mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi: kila mwenye kudai ardhi na aje aandikishe. Waliokwenda kuandikisha ni wale waliojua ofisi na waliokuwa na mashahidi wakubwa. Waliotoka utumwani, na Wagiriama waliokuwa wakilima kandokando ya Malindi na Takaungu, hawakuandikishwa. Wenye hati walipohama au kufa, mashamba yakabaki na watu wasio na hati, nao wakaitwa maskwota. Jina hilo walipewa hata wale ambao babu zao ndio waliofyeka msitu wa kwanza, kwa amri ya bwana aliyekuwa amekaa kivulini.

Narudi Unguja, ambako mambo yalikuja kuisha kwa ukali. Mapatano yale yasiyoandikwa, ya kukaa bila kodi na kulima muhogo, yalidumu miaka sitini hivi. Kufikia wakati huo waliokaa katika mashamba hawakuwa wazao wa watumwa peke yao. Wengi walikuwa watu wa bara waliokuja kwa hiari yao kutafuta kazi. Julai 1957 ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, na wakaaji wengi wakapiga kura kinyume cha chama walichokipenda wenye ardhi. Ndipo wenye mashamba wengi wakafanya jambo ambalo baba zao waliona haya kulifanya: wakawaambia wakaaji wao wahame. Wengine walihamishwa na muhogo ungali ardhini. Jambo hilo liliumiza mioyo kuliko hotuba yo yote ya mikutano, kwa maana wale watu hawakuwa na mti hata mmoja wa kudai, nao walijua kwa nini hawakuwa nao.

Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi, yakamwaga damu nyingi. Mwezi wa Machi ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya Serikali, na tangu mwaka 1965 mashamba yakagawanywa eka tatu tatu kwa watu wasio na ardhi, pamoja na mikarafuu na minazi iliyosimama juu yake. Waliopewa walipewa kuzitumia na kula matunda yake. Kuziuza hawakuruhusiwa, kwa kuwa ardhi yenyewe haikuwa yao.